Baba, Ndama na Kikapu cha Posa

Jumatatu, 6 Agosti

Naapa kuandika yote. Mwalimu Feresiani anasema shajara isiyosema kweli ni uharibifu wa karatasi. Kwa hiyo nitasema yote, hata yanayoniaibisha, hata yanayompa Solanje sifa. (Hayatakuwa mengi.)

Mimi ni Iribagiza, mtoto wa pili wa Telesfori. Likizo imeanza. Wenzangu wanalala hadi jua liwachome. Mimi nina kazi. Lazima nimrudishe baba nyumbani kabla ya posa ya dada Klarisa, Jumamosi ya wiki ijayo.

Baba yuko kwenye kituo cha watu wanaoacha pombe, ng'ambo ya bonde. Anakula vizuri. Ananenepa. Tatizo ni kazi yake. Baba ni msemaji wa posa. Watu wakitaka kuoa, hata kutoka mbali, walimfuata yeye akawasemee kwa wenye binti. Baba anaweza kumsifu ng'ombe ambaye hajawahi kumwona mpaka mwenye ng'ombe akatoa machozi. Lakini kwenye posa, kila mnapokubaliana jambo, mtungi wa pombe ya ndizi huletwa na mirija yake. Na baba alikuwa mtu wa kukubaliana sana.

Baadaye akahamia kanyanga, pombe kali ya magendo, ambayo haina mirija wala sherehe. Kisha ikaja ile posa ya akina Rugira. Wao ndio walikuwa waoaji, na baba alienda kuwasemea. Katikati ya maneno akasahau yuko upande gani! Akawasemea wenye binti, tena kwa ufasaha wa ajabu, hata akina Rugira waliokuja kuahidi ng'ombe mmoja wakajikuta wameahidi watatu na baiskeli. Hawatusalimii hadi leo. Mama alifunga nguo za baba ndani ya shuka akampeleka kituoni mwenyewe.

Mama amesema baba atarudi siku atakayosimama mbele za watu, mdomo haunuki, akasema neno la kwake mwenyewe. La ng'ombe wa watu amelisikia miaka yote, anasema, sasa anataka la kwake.

Baba asiporudi, atakayetusemea kwenye posa ni baba mdogo Anastazi. Huyu akiombwa kusema karibu, huanza na siku ambayo ng'ombe wa kwanza alivuka mto. Klarisa ameshaanza kulia.

Kituoni kuna Mshauri Donata. Anaamini kila mlevi ana kitu ndani, na akikitoa kwa sanaa atapata nafuu. Wengine wanafinyanga. Wengine wanacheza ngoma. Jumapili kutakuwa na maonyesho, kila mmoja aonyeshe chake na akieleze. Leo nilienda kuangalia maendeleo ya baba. Amechora duara. Nikamuuliza ni nini. Akasema mtungi. Mshauri akamwambia vizuri sana, Bwana Telesfori, na nyuma ya mtungi kuna nini? Baba akafikiri kwa muda mrefu. Akachora mtungi mwingine.

Na Solanje alikuwepo. Tunasoma darasa moja. Baba yake, mzee Karangwa, yuko kituoni pia, naye anapiga inanga. Nyuzi zake zimewaliza hata wapishi. Solanje akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mitungi ya baba imekwisha au bado mingine iko njiani.

Nimeamua. Baba lazima apate sanaa. Mimi nitamtafutia.

Jumanne, 7 Agosti

Nimeipata! Imigongo! Unapaka samadi kwenye ubao, unainua mistari kwa vidole, ikikauka unatia nyeusi, nyeupe na nyekundu. Kila ofisi ya maana hapa kwetu ina ubao kama huo ukutani. Na haihitaji maneno. Mtu anaweza kusimama karibu na ubao wa imigongo akanyamaza tu, watu wakadhani ana busara.

Nilimuuliza bibi Kansilida, jirani yetu, ambaye alipamba nyumba yake yote alipokuwa msichana. Akasema nitumie ya ndama, ndiyo laini. Niichukue asubuhi ikiwa na joto lake. Nichanganye na jivu, ndilo linaloua harufu. Akauliza ni kwa ajili ya nini. Nikasema masomo. Akasema kumbe siku hizi shule zinafundisha mambo ya maana.

Nikamfuata ndama wetu Gahogo kila alipokwenda. Ndama akijua anafuatwa hujizuia. Alinitazama kama mwizi. Hatimaye alinihurumia.

Sasa chombo. Ndoo ilikuwa na nguo za Klarisa. Sufuria, Mama angeniua. Vyombo vya maziwa sikuvigusa hata kwa mawazo, nami nina mipaka yangu. Kilichobaki ni kikapu cha posa, kile cheupe chenye mfuniko uliochongoka, ambacho Mama amekisuka kwa ajili ya sherehe. Nikakitandika majani ya mgomba tabaka juu ya tabaka. Samadi haikugusa kikapu. Karibu haikugusa.

Nikavaa gauni la kanisani, kwa sababu Solanje huwa msafi wakati wote. Nikajitwisha kikapu nikashuka bondeni.

Hapo ndipo nilipokutana na shangazi Belansila.

Shangazi Belansila ni shangazi wa Fabrisi, mchumba wa Klarisa. Ndiye atakayekaa mbele kabisa siku ya posa. Aliniona. Gauni la kanisani, kikapu cheupe, mfuniko umefungwa, wiki ya kuelekea posa. Akapiga kofi moja la furaha. Jamani, akasema, kumbe mmetutangulizia! Watu wa adabu hawa! Akakipokea kutoka kichwani kwangu kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Akakipima uzito. Akasema kizito, Mungu awabariki.

Nilitaka kusema. Lakini mtoto hanyang'anyi zawadi mikononi mwa mtu mzima. Na aliyepokea kikapu hakifungui mbele ya aliyekileta. Kwa hiyo hakufungua. Akaniuliza Mama hajambo. Nikasema hajambo. Akasema niwasalimie. Nikasema karibuni.

Kwa nini nilisema karibuni? Sijui.

Jumatano, 8 Agosti

Asubuhi: kimya. Nikaanza kuamini kwamba nzi wamekibeba kikapu kwenda zao.

Mchana: Fabrisi. Ni kijana mwema, fundi redio, ana masikio makubwa. Alikuja na kikapu chetu. Kimeoshwa kuliko kilivyokuwa kipya. Akakataa kukaa. Akamweleza Mama kwamba kwao wamefanya kikao. Shangazi alifungua kikapu mbele ya wazee wote, ameshaanza kupiga vigelegele. Vigelegele vikakatika katikati. Wazee wakainama wakatazama. Hakuna aliyecheka, maana jambo la ng'ombe kwetu halina mchezo. Wakajadili mpaka wakaelewana: huu ni ujumbe. Watu wa kwa Telesfori wanasema ng'ombe tuliyepatana hatoshi. Wametuletea samadi ili tujiulize mnyama mwenyewe yuko wapi. Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa heshima, akasema hiyo ni akili ya Telesfori, yule bwana hata umfungie chumbani anasema tu.

Mama akauliza samadi ipi. Fabrisi akasema ya kikapuni. Mama akauliza kikapu kipi. Fabrisi akamkabidhi.

Ndani mlikuwa na kipande cha kamba. Ndilo jibu lao.

Mama akamwita baba mdogo Anastazi aje aisome kamba. Aliisoma mpaka mbuzi wakarudi. Kwanza alisema kamba maana yake ni habari njema, ng'ombe wa pili anakuja, tujiandae kumfunga. Halafu akasema hapana, kamba isiyo na ng'ombe maana yake tamaa yenu imemfukuza ng'ombe. Halafu akasema labda wanatuambia tumfunge binti yetu mlangoni tubaki naye. Kulikuwa na maana ya nne lakini aliisahau, akaomba maziwa ili aikumbuke. Klarisa alilia kwa kila maana, pamoja na ile nzuri.

Tena Fabrisi, kabla hajaondoka mchana, alikuwa amesema shangazi ametoa neno la mwisho. Telesfori aeleze jambo hili kwa mdomo wake mwenyewe. Asipoeleza, Jumamosi ile hawatakuja.

Mama akauliza nyumba nzima nani aligusa kikapu. Nikasema huenda kilitolewa nje kipate hewa. Akanitazama. Nikatazama kamba.

Niliapa kuiambia shajara yote. Mama sikumwapia kitu.

Ijumaa, 10 Agosti

Kituoni tangu asubuhi. Mshauri amekubali baba afanye imigongo! Safari hii nilichukua samadi ya ndama wa palepale kituoni, kwa jani la mgomba, bila kikapu. Mtu hujifunza.

Baba ana vidole vizuri. Tulipaka ubao pamoja. Nikamwambia ainue mistari, ipinde kama miiba. Akainua duara. Nikasema mistari, baba. Akasema hii mistari imechoka imejikunja. Tukauweka ubao ukumbini, karibu na dirisha lenye jua, ukauke upesi.

Nilisahau jivu.

Kufikia saa sita kundi la maigizo liliomba kuigizia nje. Mzee Karangwa alihamisha inanga yake mpaka nyuma ya tangi la maji. Solanje akaja kuniambia kwamba hakutaka kusema kitu. Halafu akakisema. Ubao ulipelekwa nyuma ya jiko. Mpishi akaukataa. Sasa uko kwa kuku, nao wameupokea vizuri.

Mchana baba alitiwa kwenye maigizo. Kipande chenyewe kilikuwa cha mtu anayeingia baa na kutoka, anaingia na kutoka. Baba alipewa kuwa mlango. Alikuwa mlango mzuri sana, hakusema neno. Mwisho Mshauri akamuuliza mlango unajisikiaje. Mlango ukasema umechoka kusukumwa. Mshauri aliandika hilo haraka. Sijui kwa nini, ulikuwa mlango tu.

Nilikuwa na mpango wa akiba: majigambo. Wanaume wa kwetu wakitaka kujitambulisha husimama wakajigamba, jina la vita na matendo yao. Basi nikamtungia baba ya kwake. Yanaanza hivi:

Mimi ndimi Ngao-haitoboki, mwana wa Asiyekimbia,
niliyeikaba kanyanga koo mpaka ikaomba maji!
Mitungi ikiniona hujificha uvunguni,
mirija hunyauka kama majani ya maboga.

Yanaendelea hivyo kurasa mbili. Baba aliyasoma yote. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema mwanangu, bwana huyu ni nani? Angekuja kuoa kwetu ningempa Klarisa leo hii, bila ng'ombe. Nikamsihi ayaseme tu Jumapili. Akasema hawezi, mtu akijigamba uongo wazee humkoholea.

Halafu akaacha kucheka. Akasema akisimama kwa ajili ya mtu mwingine anamwona yule mtu, na maneno yanakuja yenyewe kama ng'ombe wanaojua njia ya nyumbani. Akijitazama mwenyewe anaona mtungi. Afanyeje?

Ili kubadilisha mazungumzo nikamweleza habari za kwa akina Fabrisi. Ujumbe wa ajabu, nikasema, hakuna anayejua umetoka wapi. Na kwamba asipoueleza yeye, posa hakuna.

Halafu akaniuliza, polepole, ilikuwa samadi ya ndama au ya ng'ombe mkubwa.

Nikasema ya ndama.

Sikufikiri! Ilinitoka tu! Baba akavuta ncha ya gauni langu la kanisani, penye doa. Akaliachia, akarudi kwenye mitungi yake. Ndiyo tabia yake siku hizi.

Jumamosi, 11 Agosti

Mpango mkubwa. Nimeshinda nikipanda na kushuka bonde kuwaalika watu.

Kwa Mama nilisema: kesho baba atasema la kwake. Mama alikuwa akichambua maharage. Akauliza kama mdomo haunuki. Nikasema haunuki. Akasema atakuja kuusikia mwenyewe.

Kwa shangazi Belansila nilisema: kesho baba ataeleza maana ya kikapu. Shangazi akasema atakuja na wazee wote, na kwamba safari hii nisije na chochote kichwani.

Kwa Mshauri nilisema: ndugu zangu ni watu wanaopenda sana sanaa. Mshauri akafurahi, akaongeza mabenchi.

Kwa baba nilisema: kesho watakuwepo wauguzi tu, na labda mpishi.

Kila niliyemwambia nilimwambia kitu kizuri. Wote watakuwa mahali pamoja, baba atalazimika kusimama, na mimi nitajificha nyuma ya ubao wa michoro nimnong'oneze majigambo akisahau. Haiwezi kushindikana.

Solanje alinisikia nikizungumza na Mshauri, halafu akanisikia nikizungumza na baba. Akacheka kicheko cha puani. Akasema wewe Iribagiza, siku moja uongo wako utakutana njiani upigane wenyewe kwa wenyewe. Akasema atanyamaza kwa sharti moja: baba yake akipiga inanga nikae mbele na nilie, tena kwa sauti. Nikakubali. Nimejizoeza mbele ya Gahogo. Aliondoka.

Jumapili, 12 Agosti

Hata ya leo nitayaandika.

Baada ya misa watu walijaa chini ya turubai. Mama alikaa kushoto, amenyooka kama yuko kanisani bado. Baba mdogo Anastazi alikuwa pembeni yake na kamba mfukoni, kwa tahadhari. Kulia walikuwa shangazi Belansila na wazee wao, makoti mazuri, fimbo mikononi. Fabrisi na Klarisa walisimama nyuma wakitazamana kama watu wanaoagana.

Mzee Karangwa alianza. Katikati uzi mmoja ukakatika. Akaendelea na zilizobaki, taratibu, akiruka pale palipokuwa na pengo. Nililia kwa sauti kama tulivyopatana. Halafu nikagundua siigizi. Ilinikera sana. Solanje hakunitazama, alikuwa analia pia.

Nikakimbilia nyuma ya ubao wa michoro. Baba akaitwa.

Alitoka akitarajia kuona wauguzi tu. Akaona Mama. Akaona wazee wenye fimbo. Akaona shangazi. Akageuka kunitafuta kwa macho, sikuonekana. Akatundika karatasi yake ya mitungi miwili. Akasema:

"Mimi ndimi..."

Akaitazama mitungi.

Nikanong'ona: Ngao-haitoboki. Hakusikia. Nikaongeza sauti. Hakusikia. Nikavuta pumzi nikasema kwa nguvu kidogo, na hapohapo watu wote wakawa wamenyamaza. "NILIYEIKABA KANYANGA KOO!" Sauti yangu ilizunguka turubai lote.

Mzee mmoja akakohoa. Wa pili akakohoa. Mstari wote wa mbele ukakohoa kama zizi lililoingiwa na moshi.

Baba akasema, "Iribagiza, toka huko."

Nikatoka.

Shangazi Belansila akasimama. Akamwambia baba, Bwana Telesfori, sisi hatukufuata majigambo. Ulitutumia kikapu. Tumekijibu. Sasa utuambie mbele ya watu, ulikuwa unasema nini?

Mama akageuka kumtazama shangazi. Baba mdogo akainuka kuelezea kamba, Mama akamvuta koti akakaa.

Nitaeleza jambo hili vizuri kwa sababu ni muhimu. Wale wazee hawakuwa na hasira. Walikuwa wameinama mbele, macho yanang'aa. Walikuwa wanamngoja Telesfori! Yule wa zamani! Samadi ya kikapuni ilikuwa hoja nzuri kuliko zote zilizowahi kutolewa bonde hili, na sasa mwenyewe angeifungua. Sentensi moja tu ya baba, ng'ombe wa pili angekuja. Niliona baba amelijua hilo. Kifua kilimpanda. Mkono wake wa kulia ulianza kuinuka, ule mkono wa kwenye posa. Nami nikasema moyoni: sema, baba, sema!

Mkono ukashuka.

Akasema, "Sikutuma kitu."

Wazee wakarudi nyuma kwenye mabenchi.

Baba akasema siku ile kikapu kinapita bondeni yeye alikuwa hapahapa akichora mtungi. Akasema, "Huyo mnayemngoja hayupo. Nimemtafuta, hayupo. Alikuwa anasema vizuri kwa sababu alikuwa anakunywa, na alikuwa anakunywa ili aseme vizuri, mwisho kwenye posa ya Rugira hakujua hata yuko upande wa nani. Nyumbani kwangu pia sikujua niko upande wa nani. Mke wangu alikuwa anafunga mlango, mimi nasukuma. Nimeambiwa nitoe cha kwangu. Wiki zote hizi sikupata hata neno. Huyu mtoto akaona baba yake hana neno, akaenda kumfuata ndama kwa nyuma ili baba yake apate walau samadi ya kupaka. Basi. Huo ndio ujumbe wa kikapu. Hausemi ng'ombe wa pili. Unasema mtoto wa Telesfori anabeba mavi kwa ajili ya baba yake. Ndilo la kwangu. Sina lingine."

Hakuna aliyekohoa.

Mshauri Donata alikuwa ameshika mdomo. Mimi nilitamani kuku waje wanile kama ule ubao.

Kisha Mama akasimama. Akatembea mpaka mbele. Akamshika baba kidevu, akamnusa mdomo, mbele ya watu wote, bila haya yoyote. Akanusa tena. Akamnyooshea kola.

Akasema, "Haya. Ijumaa aje."

Akarudi kukaa.

Shangazi Belansila akasafisha koo. Akauliza kwa hiyo ng'ombe wa pili hatakiwi? Baba akasema hatakiwi, dada yangu. Shangazi akashusha pumzi mpaka kitambaa kikasogea kichwani, akasema jamani, tulikuwa tumeshaanza kumtafuta! Watu wakapasuka kwa kicheko. Wazee wakapiga fimbo chini. Fabrisi masikio yalikuwa mekundu. Klarisa akalia, lakini sasa tumeshazoea.

Mama alikuwa wa kwanza kuondoka. Aliponipita alisema neno moja tu, "Kikapu." Nadhani tutazungumza.

Jumatatu, 13 Agosti

Tumezungumza. Kikapu kile hakitumiki tena, hata kikioshwa mara ngapi. Nitasuka kingine mimi, na kisipokamilika Ijumaa nitabeba zawadi mkononi mbele ya ukoo wote wa Fabrisi.

Leo Mshauri Donata aliniita mimi! Akasema amenichunguza, na kwa maoni yake nina uraibu wa kupanga mambo ya watu. Nikashtuka. Akasema uraibu si wa pombe tu. Akanipa udongo wa mfinyanzi, akasema nifinyange chochote kilichomo ndani yangu, bila haraka, bila kumfikiria mtu. Nilifinyanga watu wadogo. Walikuwa wazuri. Nikawaweka kwenye mstari. Halafu nikaona huyu angefaa kukaa pale, na yule asimame karibu na yule, na hawa wawili wasionane. Nilipoinua uso Mshauri alikuwa ananitazama, akaguna.

Amesema kweli. Nimekubali kila neno. Nimeahidi mbele yake kwamba kuanzia leo naacha kabisa. Najisikia mwepesi.

Kuna jambo dogo tu. Baba atakuja Ijumaa, lakini amesema kwenye posa hatasema. Atakaa karibu na Mama anywe Fanta. Anasema kiti cha msemaji kiko jirani mno na mtungi. Namwelewa. Hata mimi naona ni vizuri zaidi awe salama kuliko awe hodari. Lakini maana yake msemaji ni baba mdogo Anastazi! Jana jioni alianza kujizoeza uani. Ng'ombe wa kwanza hata hajafika mtoni. Wageni watakaa mpaka Jumatatu, mitungi itaendelea kuletwa, na baba atakuwa katikati yake na chupa ya Fanta iliyoisha. Hatari hii si ya kupuuza. Hili si kupanga mambo ya watu. Hili ni afya.

Kwa hiyo nimemwandikia Mshauri barua fupi, nimempa muuza maziwa anayepita kituoni. Nainakili hapa, maana niliapa kuandika yote:

Mshauri mpendwa, asante kwa udongo. Nimepona. Naomba kuuliza jambo moja la kitaalamu. Je, kituo kinaweza kumpokea mtu asiyekunywa hata tone, ila anasema bila kukoma, aingie Ijumaa jioni na kutoka Jumapili, mkampa inanga au ubao au nafasi ya mlango? Yeye mwenyewe bado hajui kwamba anahitaji msaada, lakini nitamleta mimi, nitamwambia anakuja kutoa hotuba. Tafadhali jibu leo hii, muuza maziwa anarudi saa tisa: mtampokea?